Eda imeisha, mwanangu, lakini taratibu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo, ila goti la baba yako ndilo lile lile, na hospitali hataki kusikia.

Juzi shangazi yako kanipigia analalamika: umetoka eda, umesomewa dua, na bado unashinda chumbani. Nikamwambia akuache. Miezi minne na siku kumi ni hesabu ya sheria na ina hekima yake, maana inamkinga mjane asisukumwe na watu. Lakini hakuna aliyesema siku ya kumi na moja huzuni nayo itafunga virago.

Ila na wewe nina neno nawe. Uliniambia utarudi kwenye ushonaji ukishapata nguvu. Nguvu hizo ukizingojea kitandani utazingojea sana. Huzuni nzito inakuondolea hamu ya kufanya kitu. Usipofanya, inazidi, na ikizidi, hamu inapungua tena. Moyo hauamriki, mwanangu. Mkono unaamrika, basi anza na huo.

Nesi mmoja hapa kanisimulia ya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kule Mbare, Harare, kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu waliolemewa na mawazo, kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hamwambii mtu ajikaze. Anamsikiliza matatizo yake yote, kisha anamwachia achague moja tu, waangalie ni jambo gani dogo analoliweza kabla hawajaonana tena. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikajisemea, kumbe kazi yangu ya miaka yote ina hadi watafiti!

Basi na wewe chagua moja. Wiki hii ondoa ile kanga uliyofunikia cherehani. Pangusa vumbi, tia mafuta, tunga uzi, upinde leso moja. Ukiishia kwenye mafuta, imetosha, leso itangoja. Lile gauni la harusi, mrudishie mwenyewe kitambaa chake. Mafundi Dar hawajaisha. Na kanzu za marehemu ziache zining'inie. Wanaokuhimiza uzigawe si wao waliokuwa wakizipiga pasi.

Itatokea siku umeshona vizuri asubuhi, jioni umsikie mtu barabarani anakohoa kama yeye, ulie mpaka kwikwi. Usidhani umerudi ulikotoka. Kesho yake kaa tena kwenye cherehani, hata kwa mshono mmoja. Na kicheko kikikujia, cheka. Wanaohesabu vicheko vya mjane waachie kazi yao.

Jambo moja tu silifanyii subira: usingizi ukigoma kabisa, au likikujia wazo la kutotaka kuishi, niambie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, twende hospitali. Hakuna aibu hapo.

Alhamisi baada ya Isha nitakupigia. Sitakuuliza unajisikiaje, nitakuuliza habari za leso. Usipopokea simu, alfajiri napanda basi, na goti la baba yako litajijua.

Mama yako