Tusiipe simu kazi ya mtahini

Mhariri,

Siku hizi kila ukikaa na walimu wa lugha lazima mtu alete stori ya apu, kwamba sasa tatizo la wanafunzi kuogopa kuongea limekwisha, kila mmoja adanlodi tu aanze kuongea na simu yake. Mi nafundisha watu wazima lugha ya pili na simu inatumika darasani kwangu karibu kila kipindi, kwahiyo sina ugomvi na teknolojia kabisa. Ila naona simu tunaipa kazi isiyoiweza, alafu ile inayoiweza vizuri tunaiacha hivi hivi.

Chukua hizo maksi za matamshi. Apu inakuletea sentensi, unaisoma kwa sauti, inakuja rangi ya kijani au nyekundu. Sasa we kaa pembeni umwangalie mwanafunzi. Anasema, nyekundu. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, nyekundu. Anasogeza simu karibu na mdomo, anaanza kukatakata maneno silabi moja moja kama roboti, kijani! Anacheka anaenda sentensi inayofuata. Hapo amejifunza nini? Amejifunza kuongea na simu, maana akienda kuongea hivyo mbele ya watu watamshangaa. Na mifumo mingine sentensi tayari inaijua kabla hujafungua mdomo, kwahiyo inaweza ikakupitisha kwa kitu ambacho msikilizaji wa kawaida asingeambulia neno, na ikakukatalia kitu ambacho mtu angekuelewa bila shida yoyote.

Tena kukataliwa kwenyewe hakuko sawa kwa wote. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya kupima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, wakitumia sauti za watu wa Marekani, wazungu na weusi. Kwa wazungu mifumo ilikosea kwa wastani maneno 19 kati ya 100, kwa weusi 35. Na wale ni watu wanaoongea Kiingereza chao cha nyumbani jamani, hawajifunzi! Sasa huyu wangu aliyeanza juzi na lafudhi yake akiambiwa na mashine amefeli, mi nitajuaje kama kafeli yeye au imefeli mashine? Na kama lugha anayojifunza sio Kiingereza ndo balaa zaidi. Whisper, mfumo wa kampuni ya OpenAI wa kugeuza sauti kuwa maandishi, ilipotoka 2022 ilikuwa imefundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu za sauti zilizoandikwa kwa lugha hizo hizo.

Kuna wanaosema haya ni ya zamani, siku hizi unapiga stori na akili mnemba yenyewe inakujibu kwa sauti kama mtu. Ni kweli na nawashauri wenye aibu waanzie huko, kwa sababu haichoki na haimcheki mtu akikwama, haimwambii mwenzake kesho. Tatizo lake ni upole. Unaongea vipande vipande, kitenzi hakina wakati, inakuelewa na kukusifia juu, mazungumzo yanaendelea. Merrill Swain, mtafiti wa lugha wa Canada, aliliona hili mwaka 1985 kwa watoto waliosoma masomo yao kwa Kifaransa, lugha yao ya pili, miaka na miaka, wanasikia na kuelewa vizuri kabisa lakini kuongea kwao kumebaki nyuma, akasema mtu lazima asukumwe aseme mpaka aeleweke sawasawa. Ile "eeh? unasemaje?" ya binadamu ndo inayokusukuma. Ukiongea na kitu kinachoelewa kila unachobabaisha, nani atakusukuma?

Kitu ambacho simu inakiweza, na inakiweza kuliko sisi walimu wote, ni kurekodi. Ndo hicho tu, voisi noti ya kawaida. Mpe mwanafunzi kazi ya kueleza jambo kwa voisi amtumie mwenzake, utaona anarekodi, anasikiliza, anafuta, anarekodi tena, anafuta. Wengine wananiomba msamaha kwa kuchelewa kutuma, mi nawaambia hizo ulizofuta ndo zoezi lenyewe, hii uliyotuma ni risiti. Alafu namwambia aandike neno kwa neno alichosema kwenye ile aliyotuma, na zile "eeee" zake zote aziandike. Kuna mama mmoja aliandika hivyo akakuta kila neno refu anameza mwisho wake, kitu ambacho nilikuwa namwambia kila wiki na haamini, kumbe alihitaji kujisikia mwenyewe.

Ipo pia ile mbinu ya 4/3/2 ambayo Paul Nation, mtaalamu wa kufundisha lugha wa New Zealand, aliiandikia mwaka 1989. Unaeleza jambo lilelile kwa dakika 4 kwa mtu mmoja, dakika 3 kwa mwingine, dakika 2 kwa wa tatu. Maneno yale yale ila muda unakubana, kwahiyo kusitasita kunapungua, na kwa kuwa kila msikilizaji ni mpya hujisikii mjinga kurudia. Darasani ni kelele tupu, watu wote wanaongea kwa wakati mmoja. Kwa voisi inatulia, voisi tatu kwa watu watatu, kila mmoja lazima ajibu kwa swali moja na swali linajibiwa papo hapo, hakuna kujiandaa. Hilo swali nalisisitiza sana kwa sababu bila hilo inageuka kuwa kusoma hotuba, tutakuwa tumerudi kwenye zile maabara za lugha za miaka ya 1960, watu na hedifoni zao wanarudia mikanda kutwa nzima na wakikutana na mwenye lugha hawana la kusema.

Najua walimu wenzangu watauliza nani atasikiliza voisi zote hizo na madarasa yamejaa. Mi sisikilizi zote. Wanasikilizana wao, mimi nachukua chache kila wiki, nasikiliza dakika ya kwanza tu, natoa kosa moja la kufanyia kazi. Na wakuu wa shule wanaotaka kununua apu wamuulize muuzaji mambo mawili kabla ya kulipa, je mwanafunzi anaweza kuisikiliza sauti yake ya mwezi uliopita, na hizo sauti zikishatoka kwenye simu yake zinakaa wapi na nani anazitumia. Akianza kuzunguka kwenye hilo la pili, hiyo hela bora ibaki.

Mwalimu wa lugha