Ripoti ya mwenyekiti: vile tumeamua kukata shamba letu la Nakuru liwe ploti

Wanachama wenzangu, habari zenu. Najua wengi mlikuwa mnangojea gawio si hotuba, kwa hivyo wacha niseme mapema, mwaka huu hakuna gawio, na kwenye grupu ya WhatsApp mshanichapa maneno ya kutosha.

Pesa: mahesabu yamekaguliwa, mweka hazina atawasomea, hatuna deni la mtu.

Sasa shamba. Zile ekari 5 za upande wa Kiamunyi, seveya (mpima ardhi) alituletea ramani ya ploti 36, barabara mita 6, sote tukafurahi, hata mimi, mpaka mama mmoja wetu anayeishi mtaa wa Pipeline kule Nairobi akauliza gari la zimamoto litageukia wapi. Kimya. Yeye kwake taa huwashwa saa sita mchana kwa sababu ya ghorofa za majirani, hakuna cha kumdanganya.

Na Nairobi haikukosa plani jamani. Kulikuwa na ya 1948, ikaja ya 1973, halafu 2014 ikaandikwa nyingine ya kufika 2030. Ni sisi wenye ploti, huyu anaongeza floo mbili juu, yule anameza rodi rizavu, ardhi iliyoachiwa barabara, na ukuta wake, alafu ikinyesha kama ile mvua ya mafuriko ya 2024 tunamuuliza Mungu kwa nini.

Nakuru imekuwa jiji Disemba 2021 tu, sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 570,000 na wanazidi kuja, lakini haina pa kutanukia ovyo, juu ni mlima Menengai, chini ni Ziwa Nakuru na mbuga yake, na ziwa lenyewe limepanda hadi watu wa Mwariki na Barut wakahama nyumba zao. Maji ya visima nayo yana floraidi, tuliozaliwa huko meno yanatushuhudia (yangu kwa picha nafunga mdomo). Sasa kila mtu kwa ploti yake ya futi hamsini kwa mia achimbe kisima, jirani naye aweke septiki (shimo la maji ya choo) hapo kando ya ukuta, watoto wetu watakunywa nini?

Ndio tukapiga kura: barabara mita 9, kisima kimoja cha wote chenye mtambo wa kuchuja floraidi, na kipande cha watoto kuchezea ambacho hati inabaki kwa jina la chama, isiuzwe. Ploti zimeshuka hadi 32, moja moja kwa kila mwanachama. Zile 4 tulizokuwa tuuzie watu wa nje ndizo zilikuwa gawio lenu. Uchungu nauelewa, yangu nilikuwa nimeihesabia karo.

Kimebaki mtaro. Maji yetu yote ya mvua yanateremkia kwa jirani wa chini, na udongo wa huko mnaujua, ukishalowa unabebwa kama unga. Mzee hajakubali tupitishe kwake na hatumlaumu. Tutaenda kuongea naye Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, gari linatoka mjini saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na nauli yake.