Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Mteja Asiyepata Mtandao Aruhusiwe Kuvunja Mkataba Bila Faini

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KANUNI YA KUVUNJA MKATABA WA HUDUMA KWA SABABU YA MTANDAO DHAIFU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kuiomba Mamlaka iweke kanuni inayosema wazi kwamba mteja aliyesaini mkataba wa simu au wa intaneti, kisha mtandao ukashindikana mahali palepale palipoandikwa kwenye mkataba kuwa ndipo huduma itakapotumika, aruhusiwe kuuvunja kabla ya muda wake bila kutozwa faini. Ninaandika kwa uwazi kwa sababu jambo hili si langu peke yangu, na kwa sababu wengi linaowapata hulipa wakanyamaza.

Mimi ni mwenye duka dogo la steshenari Goba, wilaya ya Ubungo. Anayeijua Goba anaijua ardhi yake: vilima na mabonde, barabara inayopanda na kushuka, na nyumba nyingi zilizojengwa kwenye miteremko ambako mnara ulioko kilima cha pili hauonekani kabisa. Duka langu liko bondeni. Kinachonipa riziki si kalamu na madaftari, bali ni kuwahudumia watu mtandaoni: vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu HESLB, wanaotuma maombi ya kazi Ajira Portal, wafanyabiashara wanaotafuta TIN, na wazazi wanaotaka kuchapa fomu za kujiunga na shule. Kwa ajili ya kazi hiyo niliingia mkataba wa miezi 24 na kampuni moja ya simu, ambayo siitaji jina kwa kuwa ninachokiomba kinazihusu kampuni zote. Nilipewa ruta, laini na kifurushi cha mwezi cha malipo ya baadaye. Afisa mauzo aliyekuja dukani aliandika kwenye fomu mtaa na mahali duka lilipo, lakini mtandao wenyewe hakuupima. Alinionyesha ramani kwenye simu yake, Goba yote ikiwa imepakwa rangi moja, akanihakikishia kwamba niko ndani ya eneo la huduma.

Asubuhi mapema ruta ilifanya kazi. Ilipofika mchana ilianza kusuasua, na jioni, saa ambazo wateja wangu wengi huja, ilikuwa kana kwamba haipo. Kuna binti aliyekaa kwenye benchi langu akiwa na picha zake ndogo na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, akajaza kurasa zote za maombi ya mkopo, na alipofika hatua ya kupakia viambatisho mfumo ukamtoa. Akaingia tena, ukamtoa tena. Dirisha la maombi lilikuwa linakaribia kufungwa na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilichofanya ni kuazima simu ya jirani yenye laini ya kampuni nyingine na kuunganisha kompyuta kwayo, na viambatisho vyote vikapanda kwa muda mfupi. Ni bonde lilelile na kuta zilezile, kwa hiyo siwezi kukubali maelezo kwamba kosa ni la mahali ninapoishi.

Nililalamika kwa huduma kwa wateja, nikapewa namba ya kumbukumbu, na baada ya kufuatilia sana akaletwa fundi. Alikuja asubuhi, akasimama nje barazani, akapima kwa simu yake, akaandika kwamba huduma inaridhisha. Nilimwomba aingie ndani, mahali ruta ilipo. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa kipimo kiitwacho dBm na husomwa kwa namba hasi, ambapo namba ikizidi kwenda mbali na sifuri mtandao unazidi kuwa dhaifu. Barazani simu yake ilisoma -98; ndani, nyuma ya ukuta wa tofali za saruji, ilisoma -116. Namba hiyo ya pili hakuiandika. Nilipomwomba arudi jioni apime tena, alijibu kwamba mafundi hawafanyi kazi saa hizo.

Naomba niseme kidogo kuhusu ufundi wenyewe, maana hapa ndipo kampuni hujificha. Mtandao unaweza kushindwa kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni mawimbi kutofika, na kadiri masafa (yaani kasi ya mitetemo ya mawimbi, inayohesabiwa kwa MHz) yanavyokuwa ya juu ndivyo mawimbi yanavyoshindwa kupenya kuta na kuvuka vilima. Masafa ya 700 MHz hufika mbali na kuingia ndani ya nyumba vizuri zaidi kuliko ya 2600 au 3500 MHz, na yote hayo yalikuwamo katika mnada wa masafa ambao Mamlaka iliuendesha Oktoba 2022. Njia ya pili ni msongamano: mawimbi yanafika, vijiti kwenye simu vinaonekana vimejaa, lakini mnara umebeba watumiaji wengi kuliko uwezo wake, na kila mmoja anabaki na kasi ndogo. Msongamano huu hauonekani asubuhi, huonekana jioni. Fundi anayepima mara moja, nje, saa nne asubuhi, amekwepa matatizo yote mawili kwa mkupuo.

Nilipoandika barua ya kusitisha mkataba, nilijibiwa kwamba ninaweza kufanya hivyo wakati wowote mradi nilipe ada za miezi yote iliyobaki pamoja na thamani ya ruta. Nilikumbushwa kifungu kinachosema kwamba kasi hutegemea eneo, hali ya hewa na wingi wa watumiaji. Kwa tafsiri ya kampuni, kifungu hicho kinamaanisha kwamba hakuna kiwango chochote cha udhaifu wa mtandao kinachoweza kuhesabika kuwa kampuni imeshindwa, wakati kwa upande wangu kuchelewesha malipo hata kidogo ni kosa linalofuatwa na ujumbe wa vitisho kuhusu wakusanya madeni. Mkataba wa namna hiyo unambana mtu mmoja tu kati ya wawili walioutia saini.

Mimi si mwanasheria, lakini nimeisoma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinashughulikia kiasi kilichotajwa kwenye mkataba kama adhabu ya kuuvunja, na kinampa anayelalamikia uvunjaji huo haki ya kupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa uelewa wangu, fidia hiyo ni ya aliyekosewa. Anayepaswa kuhesabiwa kuwa amekosewa hapa ni nani: aliyelipia intaneti dukani kwake asiipate, au aliyepokea fedha za intaneti asiyoifikisha? Ada za miezi iliyobaki ni malipo ya huduma ambayo haitatolewa kamwe, na hasara ambayo kampuni inapata mimi nikiondoka kwenye mnara ambao tayari umeelemewa siioni.

Najua wapo watakaosema kwamba Watanzania walio wengi hutumia laini za kulipia kabla, na mtandao ukimchosha mtu hununua laini nyingine kibandani akaendelea na maisha yake. Ni kweli. Tena tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, na hilo ni jambo ambalo Mamlaka inastahili kushukuriwa. Lakini kuhamisha namba hakufuti deni la mkataba. Anayelipia kabla akitoswa hupoteza kifurushi cha siku au cha mwezi. Aliyesaini mkataba, yaani aliyeiamini kampuni kwa miaka miwili, hupoteza zaidi ya wote. Na idadi yetu inaongezeka, kwa sababu ruta za majumbani na za maduka zinauzwa kwa mikataba kila mtaa siku hizi, na wanaozinunua ni watu wa kipato cha kawaida ambao hawana wakili wa kuwasomea kurasa za masharti.

Mamlaka hupima ubora wa huduma na kuchapisha matokeo, na kanuni za ubora zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 zinaipa meno ya kuwaadhibu watoa huduma. Nayaheshimu hayo yote. Hata hivyo wastani wa mkoa haumsaidii mtu wa bondeni. Kampuni inaweza kufaulu kwa Dar es Salaam nzima huku mtaa mmoja ukiwa gizani, na hata ikitozwa faini, fedha hiyo haimfikii mteja wala haimfungui kwenye mkataba wake.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama hili kwa upande wa intaneti. Nchini Uingereza, chini ya utaratibu wa hiari unaosimamiwa na Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, kampuni zilizojiunga nao tangu Machi 2019 humtajia mteja kasi ya chini kabisa wanayomhakikishia kabla hajanunua. Kasi ikishuka chini ya hapo, kampuni ina siku 30 za kurekebisha, na ikishindwa mteja anaondoka bila faini. Ujerumani nayo, tangu Desemba 2021, sheria yake ya mawasiliano inampa mteja wa intaneti haki ya kupunguza malipo au kuvunja mkataba kama vipimo vinaonyesha tofauti kubwa na inayojirudia, na chombo cha kupimia kimetolewa na mdhibiti mwenyewe, Bundesnetzagentur, ili kusiwe na ubishi juu ya namba ya nani ni sahihi.

Ninachokiomba kwa Goba, na kwa Lushoto na Mgeta na kila penye milima na mabonde, hakizidi hapo. Kabla ya saini, muuzaji apime mtandao ndani ya jengo ambalo huduma itatumika, na namba zilizopatikana, za mawimbi na za kasi, ziandikwe kwenye mkataba pamoja na kiwango cha chini ambacho kampuni inakubali kuwajibika kwacho. Mteja akilalamika, kipimo kirudiwe mahali hapohapo na kwa saa ambazo mteja anasema tatizo hutokea, si kwa saa zinazomfaa fundi. Kampuni ipewe muda wa kurekebisha, nami naona siku 30 zinatosha, na ikishindwa mteja arudishe ruta ikiwa nzima, alipe huduma aliyoitumia, na mkataba uishie hapo. Mamlaka nayo itoe programu moja ya kupimia ambayo matokeo yake yatakubalika na pande zote mbili.

Sidai kwamba kampuni ibebe kila kitu. Mteja anayehama nyumba kwa hiari yake na kwenda mahali ambako mtandao haufiki hajakosewa na mtu, na ni haki alipe sehemu ya gharama ya kifaa alichopewa kwa bei ya chini. Anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ameona ofa nzuri zaidi kwingine hana hoja pia. Ninamzungumzia mtu ambaye hajahama, hajachelewesha malipo, na mtandao ndio ambao haukufika.

Liko jambo moja ambalo naliona la haraka kuliko kanuni yenyewe, kwa sababu kanuni huchukua muda kutungwa. Utaratibu wa sasa unamtaka mteja aanze na mtoa huduma, na asiporidhika ndipo alifikishe lalamiko lake kwenye Mamlaka. Ni utaratibu mzuri, ila kwa kipindi chote hicho ankara zinaendelea kutoka na deni linakua, na kwa mtu mwenye duka dogo deni hilo ndilo linalomfanya akate tamaa na kulipa kabla lalamiko lake halijasikilizwa. Ninaomba Mamlaka itoe mwongozo kwa watoa huduma wote kwamba lalamiko la mtandao dhaifu likishaandikishwa na kupewa namba, ankara za mteja huyo zisimame na wakusanya madeni wasitumwe kwake mpaka uamuzi utolewe. Maelekezo ya namna hiyo yanaweza kutolewa mwezi huu.

Niko tayari kufika ofisini kwako nikiwa na nakala ya mkataba, barua zangu na majibu niliyopewa, au kumpokea ofisa wako dukani jioni yoyote atakayoichagua, aje na kipimo chake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wa huduma za mawasiliano,
Goba, Dar es Salaam.

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC).