Mawaridi ya altare

Uyole, Mbeya

Mpendwa Mama Tumaini,

Salamu nyingi kutoka huku Uyole. Baridi imeshika, asubuhi hatutoki bila sweta, ila wote hatujambo.

Umeniandikia kwamba mawaridi unayopamba altareni Jumamosi yanainamisha vichwa hata Jumatano haijafika. Pole, rafiki yangu. Najua unavyoifanya zamu hiyo kwa moyo.

Waridi likilegea shingo mapema hivyo, mara nyingi ni kiu. Limo majini lakini halinywi. Bua lina mirija myembamba sana. Likikatwa likaachwa mezani, hewa huingia na kuiziba. Kisha bakteria huzaliana ndani ya chombo na kuziba zaidi. Pitisha kidole ukutani mwa chombo cha maua cha juma lililopita: ule utelezi ndio wao. Kwa hiyo anza na usafi, mengine yatafuata. Sugua chombo kwa sabuni na jiki, suuza vizuri, pukutisha kila jani litakalogusa maji. Halafu zamisha bua kwenye beseni ulikate humo humo ndani ya maji, mshazari, sentimita 2 au 3, kwa kisu kikali. Mkasi butu unaminya mirija, uache kabisa.

Yaliyokwisha kuinama usiyatupe. Yakate upya, yafunge kwa gazeti shingo zinyooke, uyasimamishe kwenye maji ya uvuguvugu ya kina kirefu kwa saa moja au mbili. Mengi huinuka, na mimi kila nikiyaona yameinuka nafurahi kama mtoto.

Kwa lita 1 ya maji tia sukari kijiko kimoja cha chakula na jiki robo kijiko cha chai. Sukari peke yake usitie, utakuwa unawalisha bakteria. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila ukibadilisha kata ncha kidogo tena.

Halafu hizo ndizi. Umesema matoleo ya mavuno yanakaa chumba kimoja na maua hadi Jumapili. Yahamishe! Ndizi na parachichi zikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua haraka. Mikarafuu ya bustani (yale maua yaitwayo carnation, si karafuu ya viungo) huumia sana, hujikunja isifunguke tena. Kwenye dirisha lenye jua kali nako usiweke.

Na akitokea mtu wa kukushauri mkachume maua Kitulo, mkatalie. Pale ni hifadhi ya taifa tangu 2005, maua yake yaachwe yalipo.

Ijumaa nitakata mayungiyungi meupe pale mtoni, nikutumie. Je, una ndoo ndefu? Kama huna nijulishe mapema, niipakie kwenye basi pamoja na maua. Msalimie Baba Tumaini na watoto.

Wako,
Mama Glory