Zuhura, lile swali lako la GitHub

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Tudor. Voisi yako niliipata juzi nikiwa ndani ya feri Likoni, kelele zikanizidi nikaambulia nusu, ndo jana usiku nikaiskiza tena vizuri. Eti asaimenti yenu inauliza kwa nini Microsoft walitoa dola bilioni 7.5 kununua GitHub, ule mtandao wa watu wanaoandika programu za kompyuta, na wewe na uhasibu wako umeona hesabu haiji manake watu wengi wanaitumia bure. Naona nikuandikie tu, nikirekodi hapa utaskia watoto kuliko mimi.

Wamkumbuka yule fundi aliyemjengea mamako nyumba ya Mtwapa? Pesa zilikuwa za mamako, lakini simiti alichagua nani? Fundi akisema hii haishiki lete ile, mamako aenda aleta ile, hata haulizi. Rangi vivo hivo, vyuma vivo hivo. Sasa chukulia mwenye hadwea mmoja mjanja pale Kongowea anunue uwanja ambao mafundi wote wa Mombasa wanaweka vifaa vyao, wanakutana asubuhi, wanaonyeshana kazi na kuazimana michoro. Hawalazimishi kununua kitu. Lakini siku akileta simiti mpya, yeye ndo wa kwanza kuskizwa.

Basi GitHub ndo huo uwanja. Madevelopa, yaani hao waandika programu, wanaweka kodi yao pale (maandishi ya programu, si kodi ya landlodi, usianze kucheka), kila badiliko linahifadhiwa na nani kalifanya, watu ishirini wanaweza kushika kazi moja bila kuharibiana. Wakati inanunuliwa mwaka 2018 ilikuwa na madevelopa zaidi ya milioni 28. Na hizo bilioni hawakutoa keshi, walilipa kwa hisa zao wenyewe, hilo liandike mwalimu wako atapenda. Mwezi wa sita wakatangaza, mwezi wa kumi wakamalizana.

Utasema si wangejenga uwanja wao. Walijenga! Ulikuwa unaitwa CodePlex, waliufungua 2006 na mwaka 2017 wakaufunga, watu walikuwa wameshahamia GitHub zamani. Waweza kupanga viti vizuri na kuchemsha kahawa tungu na bado baraza likabaki tupu kwa sababu wazee wameshazoea kukaa kwa jirani. Kwa hivo walichonunua ni yale mazoea, programu yenyewe wao wana watu wa kuiandika.

Pesa inarudi vipi? Apu ikishaisha lazima ikae kwenye kompyuta ya mtu, na Microsoft wana Azure, kompyuta za kukodi, unalipa kila mwezi kadri unavyotumia. Hapo ndo kuna pesa ndefu, na anayesema tukodi kwa nani mara nyingi ni fundi, sio bosi mwenye cheki. Hawakufanya ujinga wa kulazimisha lakini. Hadi leo waweza kuweka kazi GitHub halafu ukaipeleka kukaa kwenye kompyuta za kukodi za Amazon au Google, hakuna anayekuuliza. Wangefunga huo mlango uwanja ungehamwa wiki moja.

Mimi mwenyewe nilihama, sikwambii uongo. Habari zilipotoka tu nikaogopa, manake ni Microsoft hawa hawa ambao bosi wao wa zamani Steve Ballmer mwaka 2001 aliifananisha Linux, ile programu ya kuendesha kompyuta ambayo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, na saratani, leo eti ndo walinzi wa kazi za watu wa Linux? Nikakesha nahamisha kila kitu GitLab, uwanja mwingine kama huo, nikajiona nimewakomesha. Miezi michache nikarudi kimya kimya kama mtu aliyesusia harusi kisha akaonekana jikoni na sahani ya pilau. Wenzangu wote walikuwa kule kule, na pia Januari 2019 wakaruhusu watu wa bure kuweka kazi za siri, mnaoshirikiana msizidi watatu, kitu ambacho zamani ilikuwa lazima ulipie. 2020 wakachukua na npm, pale watu wa JavaScript, lugha moja ya kuandikia programu, wanapochota vipande vya kodi vilivyotengenezwa tayari, ni kama kununua na duka la misumari lililo karibu na uwanja.

Lakini faida ambayo mimi sikuiona kabisa ni Copilot. Walishirikiana na OpenAI, kampuni ya akili bandia, wakaitoa majaribio 2021, mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa dola 10 kwa mwezi. Inakuandikia kodi wewe ukiwa bado unafikiria, na ilifundishwa kwa kodi iliyo wazi, ikiwemo ile ambayo watu waliiweka GitHub wenyewe. Yaani michoro ya mafundi ikamfundisha fundi wa chuma, halafu mafundi wanauziwa huyo fundi! Kuna madevelopa walienda kotini California mwezi wa 11 mwaka 2022 kwa sababu ya hilo. Mimi pia nina kodi yangu ya wazi mle, ile ya kuhesabu nauli za matatu, na ninalipia Copilot. Nanung'unika huku nalipa, sasa utaniitaje.

Usiandike tu kwamba kila ununuzi wa hivi unazaa hivi. Xamarin waliinunua 2016, kifaa cha kutengenezea apu za simu, wakaifanya bure ndani ya Visual Studio, programu yao ya kuandikia kodi, na mwezi wa tano 2024 wakaacha kuihudumia, kazi yake ikaenda kwa kifaa chao kingine. Ile walinunua nyundo, mwenye nyundo mpya akija fundi anabadilisha.

Nitumie hiyo asaimenti niione kabla hujapeleka. Na ukija Idi nipigie treni ikikaribia Miritini nije nikuchukue, usiwape hao wa teksi pesa zako. Mamako nisalimie, na mwambie ule ukuta wa nyuma umeanza kupasuka, aniambie ile simiti ilikuwa gani.

Wako,
Mwanaisha