Malalamiko kuhusu sanduku la pamoja la barua pepe lililofutwa na ruhusa zilizovurugwa

Kitengo cha TEHAMA,
Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Dar es Salaam.
20 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni inayosimamia barua pepe zetu.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTWA KWA SANDUKU LA "MIZIGO" NA KUVURUGWA KWA RUHUSA ZAKE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tangu tarehe 3 mwezi huu, watumishi tisa wa dawati la forodha wanaotumia sanduku la pamoja la "mizigo" hawajaweza kufanya kazi ipasavyo. Sita wanasoma barua lakini wakijaribu kujibu, barua inarudi na ujumbe kwamba hawana ruhusa ya kutuma kwa anwani hiyo. Watatu wanatuma, ila mpokeaji anaona jina la mtumishi "kwa niaba ya" mizigo, na mawakala wa meli tuliosajili kwao anwani moja tu wanakataa maombi yanayofika kwa sura hiyo. Kontena likichelewa kutoka bandarini, gharama za siku haziwahusu ninyi, zinatuhusu sisi na mteja wetu.

Tumefungua tiketi tatu za kuomba msaada kwenu. Zote tatu mmezifunga mkiandika kwamba tatizo limetatuliwa.

Kwa tiketi ya kwanza, fundi wenu aliongeza upya ruhusa ya FullAccess, ambayo watu wote tisa walikuwa nayo tayari, kisha akawapa watatu ruhusa ya SendOnBehalf bila kutueleza. Hapa ndipo mkorogano ulipoanzia, na tunalazimika kueleza jambo ambalo tulitegemea mngetueleza ninyi. Kwenye Exchange Online, mfumo wa Microsoft unaobeba barua pepe zetu, ruhusa hizi ni tatu na kila moja inasimama peke yake. FullAccess humwezesha mtu kufungua sanduku, kusoma, kuhamisha na kufuta. Haimpi haki ya kutuma hata mstari mmoja kwa jina la sanduku. SendAs ndiyo inayotuma barua ikaonekana imetoka kwenye sanduku lenyewe. SendOnBehalf inatuma pia, lakini inamtaja aliyetuma. Mtu kuwa na ufunguo wa ofisi hakumpi mhuri wa ofisi, na fundi wenu amekuwa akichonga funguo wakati tulichoomba ni mhuri.

Hata mahali pa kuziangalia ni tofauti, na huenda ndiyo sababu hakuona kasoro. Amri ya Get-MailboxPermission haionyeshi SendAs kabisa, inayoionyesha ni Get-RecipientPermission. Kwa akaunti yetu ya kusoma tu tuliendesha zote mbili. Ya kwanza ilionyesha kikundi cha forodha kina FullAccess. Ya pili haikuonyesha mtumishi yeyote wala kikundi, ila sanduku lenyewe, yaani NT AUTHORITY\SELF, ambayo huwa ipo kila mara. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu:

Add-RecipientPermission mizigo -Trustee kikundi-forodha -AccessRights SendAs

Kikundi hicho ni cha usalama na kina anwani ya barua pepe, kwa hiyo kinakubalika kupewa ruhusa hii. Wale watatu hawatadhurika: mtu akiwa na SendAs na SendOnBehalf kwa pamoja, inayotumika ni SendAs. Hata hivyo tunataka SendOnBehalf iondolewe, isije ikamchanganya fundi atakayefuata.

Kwa tiketi ya pili tuliambiwa tusubiri saa 24, kisha tufute wasifu wa Outlook, yaani mipangilio ya programu ya kusomea barua, kwenye kila kompyuta. Mabadiliko ya ruhusa kwa kawaida hufika ndani ya saa moja. Na kabla ya kugusa kompyuta ya mtu, kuna jaribio la dakika mbili: fungua sanduku kwa kivinjari na utume barua kutoka huko. Ikikataa kwenye kivinjari na kwenye Outlook, kosa liko kwenye seva. Ikikubali kwenye kivinjari ikakataa kwenye Outlook, hapo ndipo uangalie kompyuta, hasa nakala ya kitabu cha anwani iliyopitwa na wakati, au anwani ya zamani ambayo Outlook inajikumbushia yenyewe kwenye mstari wa mtumaji. Kwetu ilikataa kote kwa watu wote sita. Kufuta wasifu tisa kulitupotezea nusu siku bure.

Watumishi walilalamika pia kwamba sanduku limetoweka kwenye orodha ya kushoto ya Outlook, na fundi akajibu kuwa ni intaneti yetu. Si intaneti. Sanduku hujitokeza lenyewe kwenye Outlook pale tu FullAccess inapotolewa kwa mtu mmoja mmoja. Ruhusa ikitolewa kupitia kikundi, sanduku halijitokezi, mtu inabidi aliongeze kwa mkono. Kutumia kikundi si kosa, na kwa dawati ambalo watu wanahama mara kwa mara tunapendelea njia hiyo, lakini aliyeichagua alipaswa kutuambia matokeo yake.

Tiketi ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike barua hii badala ya tiketi ya nne. Fundi aliwasha akaunti iliyo nyuma ya sanduku, akaiwekea nenosiri, akalituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha dawati ili "kila mtu aingie moja kwa moja". Akaunti ya sanduku la pamoja inatakiwa ibaki imefungwa isiingiliwe. Mtumishi akituma kwa SendAs, kumbukumbu za ukaguzi huandika jina lake. Tisa wakiingia kwa nenosiri moja, kumbukumbu zinasema "mizigo" ametuma, "mizigo" amefuta, na basi. Mtumishi akiacha kazi kesho anaondoka na nenosiri mfukoni. Ndani ya sanduku hilo mna namba za mlipakodi, nakala za vitambulisho na ankara za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inatubana sisi kama inavyowabana ninyi mnaochakata taarifa hizo kwa niaba yetu. Tumewakataza watumishi kulitumia nenosiri hilo. Kulibadilisha na kuifunga akaunti ni kazi yenu, na mpaka tunaandika barua hii bado iko wazi.

Sasa tuje kwenye chanzo, ambacho hakikuandikwa kwenye tiketi hata moja. Tuliomba jina linaloonekana kwa wapokeaji lisahihishwe herufi moja. Hiyo ni Set-Mailbox na -DisplayName, kazi ya nusu dakika. Fundi alifuta sanduku lote akaunda jipya lenye anwani ileile. Ruhusa hazifungwi kwenye anwani, zinafungwa kwenye utambulisho wa ndani wa sanduku, kwa hiyo zote zilikufa na sanduku la zamani. Barua pia. Alirudisha za miezi michache tu, alizozikuta kwenye kompyuta moja ya dawati.

Kufuta huko kumeleta na kasoro nyingine ambayo hamjaihusisha na kisa hiki. Wenzetu wa idara ya fedha wakijibu barua za zamani za mizigo, zinarudi zikiwa na anwani ndefu inayoanza na IMCEAEX. Sababu ni kwamba ndani ya ofisi moja, jibu haliendi kwa anwani ya kawaida bali kwa ile ya ndani ya sanduku lililofutwa, na sanduku jipya halina habari nayo. Dawa yake iko kwenye barua iliyorudi. Chukueni ile anwani ndefu, ondoeni neno IMCEAEX na kistari chake mwanzoni, ondoeni alama ya @ na kila kinachoifuata, geuzeni kila mstari wa chini (_) kuwa mkwaju (/), +20 iwe nafasi, +28 na +29 ziwe mabano ya kufungua na kufunga, +2E iwe nukta. Kinachobaki kiongezeni kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina ya X500, yaani anwani ya ndani ya mfumo, bila kuondoa zilizopo. Majibu yatafika, na hakuna atakayehitaji kufuta kumbukumbu za Outlook yake.

Lililo la haraka kuliko yote ni barua zenyewe. Sanduku lililofutwa hukaa siku 30 likiweza kurudishwa, na baada ya hapo halipatikani tena. Lilifutwa tarehe 3 Juni. Tarehe 3 Julai muda unakwisha. Tunataka kazi hii ianze leo, kabla ya ruhusa na kabla ya mengine yote: mlitafute kwa Get-Mailbox -SoftDeletedMailbox, mchukue ExchangeGuid yake (namba yake ya utambulisho), kisha mlimwage ndani ya jipya kwa New-MailboxRestoreRequest mkiambatanisha -AllowLegacyDNMismatch, maana bila hiyo ombi litakataliwa kwa kuwa masanduku mawili hayafanani utambulisho. Angalieni ukubwa kwanza. Sanduku la pamoja lisilo na leseni mwisho wake ni GB 50, na la zamani lilikuwa limeshapita GB 40. Zile za miezi michache alizozirudisha fundi huenda zikajirudia mara mbili, hilo tutalisafisha wenyewe.

Mkishamaliza, washeni pia MessageCopyForSentAsEnabled iwe $true, ili nakala ya kila barua iliyotumwa kwa SendAs ibaki kwenye sanduku la pamoja. Ilikuwa imewashwa kwenye sanduku la zamani. Bila hiyo, jibu alilotuma mtumishi mmoja linabaki kwenye folda yake binafsi na mwenzake wa zamu ya jioni anamjibu mteja yuleyule mara ya pili.

Tunataka urejeshaji wa barua uwe umeanza ndani ya saa 24 tangu mpokee barua hii, akaunti ifungwe leo hii, na SendAs pamoja na anwani ya X500 viwekwe kabla ya saa 6 mchana Jumatatu tarehe 23. Tunataka pia maelezo ya maandishi ya nani aliidhinisha kufutwa kwa sanduku, pamoja na matokeo ya Get-MailboxPermission na Get-RecipientPermission ya kabla na baada ya marekebisho. Picha ya skrini inayosema "sasa ipo sawa" hatutaipokea.

Malipo ya huduma ya mwezi Juni yamezuiwa mpaka hapo. Mwanasheria wetu amepewa nakala ya mkataba na tiketi zote tatu.

Wenu,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji
Mkuu wa Dawati la Forodha
Mwanasheria