Barua kwa Mwanangu Atupele: Ukipewa Fomu ya Kubadilisha Tahasusi, Usisaini

Kasumbalesa, upande wa Zambia
Jumatano usiku

Mwanangu Atupele,

Shikamoo yako mama yako amenifikishia kwa simu. Marahaba, mama. Mimi mzima na gari zima, ila leo ni siku ya tatu tumelala foleni na sioni dalili ya kuvuka kabla ya Ijumaa. Maana yake Jumamosi utapanda basi mimi sipo. Najua ulitegemea nikupeleke, na bosi nilikuwa nimeshamwomba ruhusa, lakini mzigo ulitoka bandarini kwa kuchelewa na mambo yote yakasogea. Barua hii nampa dereva mwenzangu anayeshuka na shaba. Ataiacha mgahawani Uyole, kaka yako ataifuata. Bwenini simu haziruhusiwi, na haya nataka uwe nayo ndani ya tranka.

Jana mama yako kanipa habari ya binti wa jirani. Alipangiwa tahasusi ya KLF kama wewe, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kufika shuleni akaambiwa mwalimu wa Kifaransa amehama, akapewa fomu ya kuhamia HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, akasaini siku ileile, vumbi la safari halijamtoka. Tangu nisikie hivyo usingizi umenipaa.

Atupele, usisaini. Wakikupa fomu, ipokee kwa adabu kwa mikono miwili, sema "Naomba kwanza nizungumze na mzazi wangu." Mwombe mwalimu wa taaluma akupigie simu yangu au ya mama yako. Ikiwa mwalimu kweli hayupo, tutaomba uhamisho uende shule yenye mwalimu, hata kama nitalala kwenye benchi la ofisi. Lakini usisaini siku ya kwanza, siku ambayo mtoto hamjui mtu na anataka tu aonyeshwe kitanda chake.

Utajiuliza imekuwaje baba huyu ndiye aseme hivi. Kwamba nilitaka usome PCB, fizikia, kemia na biolojia, hilo siwezi kulikana, umelisikia mezani mwaka mzima. Nilikuwa nasema lugha ni masomo ya mtu aliyekosa la kusoma. Nilivyokuwa nasema hivyo nilikuwa nimeshapita Kongo miaka kumi na moja, na nilikuwa nimeshalipa mchele.

Habari ya mchele unajua nilikatwa mshahara, ila jinsi ilivyokuwa sikukueleza yote. Nilifika Lubumbashi na mifuko 600 ya kilo hamsini. Minne ilichanika karibu na Mpika, turubai lilipofunguka, na hilo nililijua. Ghalani wale vijana wa kupakua walizungumza nami Kiswahili mwanzo hadi mwisho, tukacheka vizuri, nikajiona nipo nyumbani. Ila kule, mtu akizungumza Kiswahili chake, namba anataja kwa Kifaransa. Bei, saa, mwaka, hesabu ya mifuko, vyote Kifaransa. Wakahesabu kwa sauti mbele yangu, na mimi nimesimama na daftari langu kama mtu anayesikiliza mvua. Mwisho wakaniletea karatasi, nikaona muhuri, nikaona mahali pa dereva, nikasaini. Nilipofika Dar, bosi akanisomea neno moja lililoandikwa pembeni kwa mkono: manquants, kumi na minne. Mifuko kumi na minne haipo. Nikakatwa miezi mitatu.

Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba kwa Kifaransa cha shuleni kwenu quatre-vingt-seize (96) na quatre-vingt-six (86) ni rahisi kuchanganya kwa mtu anayeandika haraka, kwamba 596 ingeweza kuandikwa 586. Ile jioni ya kuhesabu maharage unaikumbuka, siirudii. Sina hakika hadi leo kama ndivyo ilivyokuwa ghalani, maana kule 96 wengi huiita nonante-six. Ninachojua ni kwamba minne ilikuwa yangu na kumi sikuwa na mdomo wa kuitetea.

Na ile miezi mitatu ndiyo miezi ambayo kaka yako hakulipiwa tuisheni ya fizikia. Nilisema ni mvivu. Nilisema mbele ya watu.

Yeye alitaka kidato cha tano asome Kifaransa, hilo hukulijua maana ulikuwa mdogo. Alikuwa na C za sayansi zilizotosha, nikaenda mwenyewe shuleni na barua ya mzazi kuomba awekwe PCM, fizikia, kemia na hisabati. Mwalimu aliniuliza mara mbili, "Mtoto mwenyewe anasemaje?" Nikamjibu mtoto hana la kusema. Matokeo yake unayaona gereji pale Uyole. Mikono yake ni mizuri, hakuna fundi wa breki namwamini kama yeye, sisemi amepotea. Lakini kabla ya safari hii nilimkuta amelala chini ya fuso anasikiliza redio ya RFI Kiswahili, na wimbo wa Kifaransa ulipoingia alikuwa anaufuata neno kwa neno. Nikageuza nikarudi nje kununua vocha ambayo sikuihitaji.

Basi usisaini.

Sasa nije kwenye kazi, maana mama yako naye anauliza kila siku utafanya kazi gani, na usidhani mimi sina hofu hiyo. Ninayo. Ila hofu yangu nimeifanyia uchunguzi, na chuo changu ni redio ya gari na ofisi ninazokaa kusubiri makaratasi.

Kuna dada mmoja Kurasini, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, ndiye anayeshughulikia mizigo yetu ya Kongo. Siku moja nilikaa mbele ya meza yake tangu saa tatu asubuhi. Simu ya kwanza ilitoka Likasi, akaongea Kifaransa, tena anaandika huku anaongea. Ya pili ya meli, Kiingereza. Kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili, "Kaka, uzito kwenye hati yako ya mzani na uzito kwenye ankara havifanani, usiondoke." Kosa la kilo mia tisa. Ningefika nalo mpakani ningelala wiki. Chai yake ilikuwa haijapoa. Nilimuuliza alisoma nini, akasema kidato cha sita KLF, halafu cheti cha forodha. Zingatia hapo, mama: Kifaransa, halafu forodha. Lugha yake imepata kitu cha kushika. Wapo waliomaliza shahada ya lugha wakakaa nyumbani wakisubiri lugha yenyewe iwaitie kazi, na wapo wenye cheti cha forodha ambao simu ya Likasi ikiingia wanamwita yeye. Nataka uwe yeye. Iwe forodha, iwe sheria, iwe uuguzi, hilo tutazungumza ukifika kidato cha sita, sitalichagua mimi.

Arusha nako usikusahau. Ile Mahakama ya Kimbari ya Rwanda iliyoundwa 1994 na kufungwa 2015 iliendesha kesi zake pale kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Kila neno la shahidi lilipita mdomoni mwa mkalimani. Wakalimani wa aina hiyo hukaa wawili wawili kwenye kibanda cha kioo na kupokezana kila nusu saa hivi, kwa sababu kichwa hakiwezi zaidi ya hapo. Mfasiri ni yule anayeandika, ana muda wa kufuta. Mkalimani hana. Mahakama ile imekwisha lakini Arusha bado ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ina makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipitisha Kiswahili walipokutana Dar mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2022. Nayaandika haya uyasome siku mtu atakapokuambia unapoteza muda. Tahasusi yako ni Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Hizo ndizo tatu walizoziandika wakuu wa Afrika Mashariki.

Utasikia pia kwamba simu siku hizi inatafsiri. Ni kweli, nami ninayo programu hiyo. Hapa foleni juzi dereva mmoja aliielekeza kamera kwenye nakala ya kaboni iliyofifia, ikasoma nusu ukurasa, nusu nyingine ikaacha, na sehemu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na faini. Na hata ingesoma yote, anayesaini ni mtu.

Lakini Atupele, lipo jambo linaniudhi na siwezi kukuaga bila kulisema. Una A ya Kifaransa. Nilikionyesha cheti chako cha matokeo kwa simu kwa kila dereva aliyesimama hapa, hata Wazambia. Lakini alipokuja nyumbani yule rafiki yangu wa Lubumbashi, mtu mzima, akakusalimu kwa Kifaransa taratibu kabisa, wewe ulitazama chini ukakimbilia jikoni. Halafu alipoondoka ukamwigiza, "nilikwendaka, nilionaka", ukacheka na wenzako. Uliniumiza moyo kuliko ulivyojua, maana aliyasikia akiwa getini. Kile ni Kiswahili chao, wamezaliwa nacho, wananunulia, wanaolea, wanazikia. Ukienda kufanya kazi na watu wale ukiwa na A yako na kicheko chako, watakuonyesha karatasi wanayotaka wao.

Fungua mdomo. Kosea. Kiingereza umepata C kwa sababu hiyohiyo, unasoma kimoyomoyo. Mimi Kibemba nimejifunza kwa kukosea bei za nyanya pale Serenje, wamama wananicheka wananirekebisha, na leo nanunua kama wao. Bibi yako hakukaa darasani hata siku moja, lakini Kinyakyusa, Kisafwa na Kiswahili vilikuwa vyote sokoni kwake. Wewe umebeba jina lake. Kama shule ina klabu ya Kifaransa, uingie. Kama haina, tafuta mwenzako mmoja, mkubaliane tangu bwenini hadi kisimani ni Kifaransa tu.

Na usisaini. Najua nimesema. Nitasema tena.

Ya nyumbani: godoro ni la futi mbili na nusu, usikubali kuuziwa la futi tatu, halitaingia kitandani. Ndoo mbili zenye mifuniko, uziandike jina kwa rangi, siyo kwa kalamu ya wino. Jembe na fyekeo vya stoo ni vizima, kaka yako atatia mpini mpya. Ada ya kidato cha tano na cha sita serikali iliifuta tangu mwaka wa fedha 2022/2023, ila michango kwenye fomu ipo na nimemtumia mama yako. Shilingi elfu arobaini amekushonea ndani ya sketi ya zambarau, hizo ni za nauli ya dharura, siyo za mandazi. Dawa zako za kifua ziwe kwa matroni, na mwambie mwenyewe kwamba asubuhi za baridi hukubana. Usione aibu, mimi nilichelewa kukupeleka hospitali ile mara ya kwanza kwa sababu hakuna aliyesema.

Mama yako mguu unamsumbua tena na anauficha. Kabla hujaondoka mbembeleze aende kliniki Ijumaa, wewe anakusikia. Parachichi za nyuma zisiuzwe kwa macho. Mnunuzi akija, zipimwe kwa mzani wa duka la jirani kwanza, kisha kwa wa kwake. Mbuzi mwenye kovu asichinjwe, ana mimba.

Kaka yako ndiye atakayekusindikiza hadi stendi. Nimemwomba yeye, hakunijibu kitu, lakini mama yako anasema amefua shati. Usimwambie kwamba nimekuandikia habari zake. Au mwambie, sijui. Fanya unavyoona.

Fika salama, mama. Ndaga fijo, asante sana, kwa ile A.

Baba yako

Nimesahau: karatasi wanazodai ni rimu moja, siyo mbili kama mama yako alivyosema. Fomu ya kujiunga nimeisoma yote mara mbili, pamoja na ukurasa wa nyuma. Mahali pa mzazi kusaini nimepaacha wazi. Usome kwanza wewe, kisha mama yako ndiye asaini.